Daktari wa simu: usiku nawapa tano, mchana mbili

Juzi wale wa huduma ya kutibu watoto kwa simu walinitumia ujumbe: "Mpendwa mteja, tupe alama kuanzia 1 hadi 5." Nikajibu, "Usiku 5, mchana 2." Mashine yao ikarudisha: "Samahani, tuma namba moja tu." Nikatuma vilevile, ikajibu vilevile. Tulipofika mara ya tatu nikashtuka kwamba nabishana na mashine. Basi ngoja niyamwage hapa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, na msimu wa kilimo narekebisha plau. Nakaa kijijini, wilaya ya Bahi. Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida unaacha lami, unakula vumbi kilomita kumi na nne, unavuka korongo, umefika. Zahanati tunayo. Mganga wake mtu mzuri, lakini ni mmoja, na usiku naye hulala. Duka la dawa muhimu lipo moja, na mwenye nalo akishafunga saa mbili usiku hata umgongee kwa nyundo yangu ya kilo tano haamki.

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kutibiwa mtoto kwa simu. Jina silitaji, maana nina malalamiko, na nikilalamika kwa jina nitaanza kupigiwa na watu wa ofisini wenye sauti laini. Wa upande wetu mnaoijua mnaijua. Unapiga namba yao au unaingia kwenye programu, unalipa kwa simu, 3,000 mchana na 5,000 usiku. Anapokea muuguzi, anakuuliza, akiona haja anakupeleka kwa daktari. Dawa zikihitajika zinaletwa kwa pikipiki kwa 7,000, na dawa zenyewe kwa bei yake. Usiku anayekuja na pikipiki si dereva tu, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ana begi la vipimo mgongoni. Hilo la begi litakuja kuwa na maana huko mbele.

Mke wangu ndiye aliyetusajili. Mimi niliona ni upotevu wa hela. Nikamwambia fundi anayechomelea geti kwa simu sijawahi kumwona, sasa daktari atashikaje kifua cha mtoto kwa simu? Akanitazama tu. Wale mliooa mnajua ule mtazamo.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa Januari. Mke wangu yuko Kondoa msibani, kafiwa na mjomba wake, kaniachia watoto wote wawili na maelekezo marefu kuhusu uji. Ya kikohozi hakuniachia. Mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, kaachishwa ziwa mwezi huohuo, na mafua alikuwa nayo tangu juzi yake. Kwenye saa tano na nusu nikamsikia anahema. Sisemi kukoroma. Anahema kama mtu aliyetoka kukimbizwa na ng'ombe. Nikamgusa: moto.

Kilio kikamfikia bibi jirani, akaja na khanga yake begani. Shikamoo, marahaba, akamshika mtoto kidevu, akamfungua mdomo kwenye mwanga wa kibatari na kutoa hukumu: kimeo. "Kikohozi hiki hakikatiki kwa sababu ya kimeo. Asubuhi kipelekwe kikakatwe, mbona wewe mwenyewe ulikatwa." Ni kweli nilikatwa, mama alishanisimulia. Huku kwetu mtoto akikohoa wiki mbili kidogo watu wanaanza kumkodolea koo. Bibi yule alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, huwezi kumjibu hivihivi. Nikasema, "Sawa bibi, kukikucha tutaona," nikachukua simu.

Hapa ndipo nawapunguzia alama kwa programu yao. Nimefungua, inaniuliza: "Je, mtoto wako anapitia ugumu wa kupumua?" Anapitia wapi? Kuna mtu kaandika haya akiwa na kamusi mkononi na hana mtoto nyumbani. Anayeulizwa usiku wa manane mtoto akiwa mikononi aulizwe kama watu: anapumua kwa shida? Nikabonyeza ndiyo, ikanifungulia video. Mtandao wa kwetu unapatikana vizuri chini ya mbuyu nyuma ya karakana, kwingine ni kubahatisha. Nikaenda hadi mbuyuni na mtoto nimemfunika kitenge, video ikaganda kwenye paji la uso wangu. Nikawa najiona mwenyewe nimekunja ndita, nesi namsikia vipandevipande.

Akasema, "Baba, achana na picha. Zima, nipigie kawaida."

Hilo ndilo jambo la kwanza lililonifanya nimwamini. Matangazo yao yote ni video, dada kavaa koti jeupe anatabasamu kwenye kioo. Aliyetusaidia mimi na mwanangu sura yake siijui mpaka leo.

Akaanza. Anakunywa ukimpa? Nikasema anakunywa, kidogokidogo. Kila anachokunywa anakitapika chote? Hapana. Amepata degedege? Hapana. Ukimwita anakutazama, au amelegea tu hana habari? Anatazama, analia. Maswali manne hayo aliyauliza harakaharaka, na baada ya la nne nikasikia sauti yake imeshuka kidogo, kama mtu aliyekuwa anakimbia akaanza kutembea. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akaniambia hizo ni dalili za hatari: jibu la ndiyo kwenye lolote kati ya hayo manne lingemaliza mazungumzo yetu, angenipeleka hospitali moja kwa moja na asingepoteza muda kunihesabisha.

Maana baada ya hapo alinihesabisha. "Mrudishe ndani, asipigwe na upepo. Mlaze, mfunue kifua na tumbo. Subiri atulie, akilia usihesabu. Tumbo likipanda, moja. Likipanda tena, mbili. Dakika nzima, baba. Usihesabu nusu ukazidisha."

Shida: mtoto ndani, mtandao mbuyuni. Nikawa mtu wa safari. Naingia, nahesabu, natoka mbio kwenda kutoa ripoti, narudi. Bibi kakaa kwenye kigoda ananitazama kama nimepagawa. Nilivaa tochi ya kichwani ninayofanyia kazi, saa ya mshale mkononi, nikasubiri mtoto atulie. Kumtuliza kulichukua muda kuliko kuhesabu. Nimezoea kuhesabu vitu visivyotikisika, nondo, vyuma bapa, bawaba. Tumbo la mtoto linatikisika. Mara likipanda linasita katikati, hujui uhesabu moja au mbili. Mara ya kwanza nilipata 54. Nesi akasema rudia. Nikapata 52.

"Kwa umri wake, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 na kuendelea ni kupumua haraka," akasema. "Angekuwa chini ya mwaka ningekwambia 50. Sasa nenda ukanitazamie kitu kimoja tu. Pale mbavu zinapoishia, juu ya tumbo. Akivuta hewa ndani, pale panatoka nje au panabonyea?"

Nilitazama nisielewe ninachotazama. Nikarudi mbuyuni kumwambia sielewi. Hakunikaripia. Akauliza, "Una mtoto mwingine hapo?" Nikasema yupo kaka yake, kalala. "Mfunue kifua huyo mkubwa. Mtazame anavyopumua mara tano. Halafu mtazame mdogo."

Nikamfunua mkubwa. Kalala fofofo, mdomo wazi, kifua na tumbo vinapanda pamoja taratibu kama maji ya bwawani. Nikageuza tochi kwa mdogo. Vyake vilikuwa vinapanda pamoja pia, ila kwa pupa. Pale chini ya mbavu hapakuwa panabonyea. Nilitazama nikatazama tena, nikamwita bibi naye atazame. Bibi akainama, akasema, "Panatoka." Nikatoka mbio.

Watu wanafikiri huduma hizi unanunua daktari. Mimi nilinunua macho. Nimelea watoto wawili na kabla ya usiku ule sikuwahi kutazama mtoto anavyopumua. Nilikuwa natazama kama anapumua au hapumui, basi.

Nesi akauliza uzito, nikasoma kwenye kadi ya kliniki: kilo 10 na gramu 400. Akaniunganisha na daktari, tukaongea dakika mbili, daktari akakubaliana na nesi: dalili ni za nimonia, isiyo kali, inatibika nyumbani, pikipiki inakuja. Akanipa na masharti, nitayasema.

Pikipiki ilifika saa nane kasoro robo. Walikuwa wameahidi dakika 60, ikawa dakika 70 na kitu, kwa njia ile silalamiki. Kijana akavua kofia, akamwamkia bibi, akanawa mikono kabla hajamgusa mtoto. Bibi aliliona hilo la kunawa, akaacha kununa. Akatoa kale kadude kanakobana kidole kama kibanio cha nguo, kanaangaza taa nyekundu. Akakabana kidoleni, mtoto akakivuta, akakarudisha, akakashikilia kwa subira mpaka namba zikatulia: 96. Akasema oksijeni iko sawa, ingekuwa chini ya 90 tungekuwa tunapanda pikipiki wote. Akahesabu pumzi mwenyewe, akapata 51. Nilijisikia fundi.

Akapima na malaria, tone moja la damu, tukasubiri kama robo saa, mstari mmoja, hakuna. Mkoa wa Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, lakini sisi tumekua tukiamini kila joto ni malaria. Ningeachiwa peke yangu ningemnywesha mtoto dawa mseto na kulala nikijua nimemtibu.

Dawa yenyewe ni amoksilini ya watoto ya vidonge vya kuyeyuka, ya miligramu 250. Unaweka kwenye kijiko na maji safi kidogo, kinajifungua chenyewe, kinakuwa uji mwepesi. Kwa uzito wake viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano. Kijana hakuandika tu. Alichora kwenye boksi jua na mwezi, vijiduara viwili chini ya jua, viwili chini ya mwezi, mara tano. Dozi ya kwanza akatuambia tumpe palepale yeye akiwepo, tukatazama kama atatapika. Hakutapika. Akarudia yale masharti ya daktari: akishindwa kunywa, akilegea, mbavu zikianza kubonyea, "usitupigie sisi. Panda chochote chenye magurudumu uende." Nimependa mtu anayeuza huduma ya simu akikwambia lini usipige simu.

Saa moja asubuhi nesi akapiga yeye. Sikulipia. Amekunywa? Amelala? Hesabu tena. 46. Siku ya tatu akapiga mwingine, 36, mtoto anavuta mkia wa mbwa.

Hesabu ya usiku ule: 5,000 ya simu, 7,000 ya pikipiki, 4,500 ya dawa na kipimo. Jumla 16,500. Bodaboda wa kwetu kukupeleka mjini usiku anaanzia 40,000, na akiona mtoto mgonjwa anaongeza kidogo ya roho yake. Mkubwa niliwahi kumkatia Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya mtoto, ilikuwa 50,400 kwa mwaka, nikaipenda. Mwaka 2023 ule utaratibu wa kumsajili mtoto mmojammoja ukasitishwa, ya kwake ilipoisha ikaisha, na mdogo hakuwahi kuishika. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, tulikuwa nayo, 30,000 kwa kaya ya watu sita, ila hii huduma ya simu ilikuwa nje yake. Kwa hiyo hapa ni mfukoni, na 16,500 kwa mtu ambaye wiki hiyo hakuuza geti si pesa ndogo. Bibi jirani hana 16,500. Hilo wenye huduma walifikirie.

Mke wangu aliporudi Kondoa alinihoji kama polisi. Huyo nesi umemwona? Umejuaje ni nesi? Swali zuri, na sikuwa na jibu. Baadaye nilizungukazunguka mtandaoni nikakuta hata Haiti, mji wa Gressier, walianzisha kitu cha namna hii kinaitwa MotoMeds, kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida cha Marekani: mzazi anapiga simu usiku, mtoto mwenye dalili za hatari anaelekezwa hospitali, wa katikati anafuatwa nyumbani, mwenye tatizo jepesi anapelekewa dawa kwa pikipiki. Wamechagua usiku makusudi, kwa kuwa ndipo milango imefungwa. Nikamwonyesha mke wangu. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi." Nilikuwa naongea kuhusu Haiti.

Sasa mchana.

Machi, mkubwa kaanza kuharisha alfajiri, majimaji, mara tano kabla ya saa nne. Mtandao mchana ulikuwa mzuri, nikalipa 3,000, video ikafunguka safi kama televisheni. Daktari kijana, visikilizio masikioni, nyuma yake ukuta wenye nembo. Aliongea nami dakika nne na sekunde chache, simu inaandika. Hakuuliza kama mtoto anakojoa. Hakuuliza kama kuna damu. Hakuniambia nimguse popote. Akasema "maambukizi ya tumbo", na kabla sijakata simu orodha ya dawa ikawa imeshaingia: flajili ya maji, antibiotiki nyingine ya maji, dawa ya kuzuia kutapika (mtoto alikuwa hatapiki), vitamini, na mwisho kabisa, kama mgeni aliyechelewa, ORS, ile paketi ya sukari na chumvi ya kuchanganya na maji. Jumla 23,500 bila pikipiki.

Nilikaa nikaitazama ile orodha. Kama nisingekuwa nimekutana na nesi wa Januari ningelipa. Tatizo la kuuguziwa vizuri mara moja ni kwamba unaanza kujua vibaya kukoje. Sikulipa. Nilimpa mtoto maji na uji mwepesi, nikasubiri saa kumi na mbili jioni zamu zibadilike, nikalipa tena 5,000 na kupiga kawaida, bila video.

Akapokea mwanamke, sijui kama ni yuleyule. Kuna damu kwenye kinyesi? Hakuna. Macho yameingia ndani? Kidogo, labda. Ukimpa maji anakunywa kama kawaida au anayagombania? Anayagombania. "Finya ngozi ya tumbo, katikati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, halafu achia. Inarudi papo hapo au inarudi kama inasitasita?" Nikafinya. Ilisita. Kidogo sana, kama mpira uliochoka, lakini ilisita. Nikamwambia.

"Basi anaanza kuishiwa maji, hili tusilichelewe. Na sikia baba: hakuna damu, hakuna flajili. ORS na zinki."

Alinieleza kwa nini, na mimi napenda kuelezwa kwa nini. Kwenye utumbo, sukari na chumvi huingia mwilini vikiwa vimeshikana mikono, na vikiingia vinavuta maji nyuma yao. Ndiyo maana maji matupu hayafanyi kazi ileile, na ndiyo maana ukikosea vipimo unaharibu. Paketi moja, lita moja kamili ya maji safi. Nikasema sina kipimo cha lita. "Una chupa ya maji ya dukani ya nusu lita?" Ninazo kumi, naweka rangi. "Chukua ambayo haijawekwa rangi, baba." Tukacheka wote. Mara mbili chupa hiyo. Kijiko kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uanze tena taratibu. Zinki ya miligramu 20, kidonge kimoja kila siku kwa siku kumi, hata kuharisha kukikata siku ya pili. Watu wengi huachia hapo, akasema. Akanipa muda wa masaa manne: nikiona hakuna mabadiliko, au amelegea, au kagoma kunywa, ni hospitali.

Bili ya dawa: 2,800. Linganisheni wenyewe na ile ya 23,500. Mtu mmoja anakaa kwenye kiti mchana, mwingine usiku, kampuni moja.

Halafu korongo. Kwetu unaweza usione hata tone la mvua, lakini ikinyesha huko juu, maji yanashuka jioni kwa kishindo na magogo. Pikipiki ilifika ng'ambo saa mbili na nusu. Mimi nimesimama huku, kijana amesimama kule, maji katikati rangi ya chai ya maziwa. Tunamulikana tochi. Nikapiga kelele, "Subiri, yatapungua!" Naye akapiga kelele, "Nasubiri!" Makorongo yetu hayana subira, yanakuja kwa fujo na baada ya saa mbili yamebaki matope. Tukakaa hivyo kama watu wa pande mbili za harusi wanaosubiri mahari. Saa tatu simu ikatetema mfukoni: "Mteja hakupatikana. Safari imefungwa." Mteja mimi hapa! Namwona kijana wenu, anakula karanga!

Kumbe mfumo wao pikipiki ikisimama nusu saa bila kufika unafunga safari wenyewe na 7,000 imeliwa. Yule kijana wala hakuondoka. Aliona ujumbe huohuo kwenye simu yake, akauzima, akakaa mpaka saa nne na robo, maji yakafika magotini, akavuka pikipiki ameiacha, begi kichwani. Wakati wote huo nyumbani mke wangu anampa mtoto maji ya uji kijiko kwa kijiko kama tulivyoambiwa. Nililalamikia ile 7,000. Baada ya siku tisa wakairudisha, si kwenye simu yangu, bali kama "salio la huduma", yaani mpaka mtoto augue tena ndiyo niione. Kijana nilimpa 3,000 za soda akakataa, nikamchomelea kirungu cha kukanyagia gia kilichokuwa kimekatika. Hicho akakubali.

Mara ya tatu haikuwa kwangu. Mwezi wa tano binti wa jirani, mzazi wa kwanza, mtoto wa siku kumi na mbili, alikuja mlangoni saa saba usiku kalia mpaka sauti imekauka. Mtoto hanyonyi tangu jioni. Nikapiga, nikalipa mimi. Nesi akauliza maswali mawili tu: ana siku ngapi, ananyonya. Akasema, "Kata simu hii. Piga 115 sasa hivi, ni bure. Mwambie mama ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunike vizuri, asipoe njiani."

115 ni ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga mpaka siku 28. Nilikuwa nimeisikia redioni nikadhani ni ya wajawazito tu. Kama hakuna gari la wagonjwa karibu wanatuma dereva wa kawaida waliyeingia naye mkataba. Ikaja Probox, taa moja imekufa, dereva anaijua njia kuliko mimi. Wakaenda. Mtoto alilazwa siku tisa, ana afya, kapewa jina la babu yake, mimi nimeambulia kuku.

Na ile 5,000 yangu ilirudi usiku uleule, kwenye simu, bila kuomba. Ujumbe ukasema simu iliyoishia rufaa ya dharura haitozwi. Sasa mfumo unaoweza kujua hilo unashindwaje kujua korongo?

Kwa hiyo, kwa anayetaka kujisajili: jisajili. Piga, usitumie video. Kadi ya kliniki iwe karibu, uzito watakuuliza tu. Uwe na saa yenye mshale wa sekunde, maana ukihesabia kwenye simu ileile unayoongelea utapata tabu. Mchana kama zahanati iko wazi nenda zahanati, mganga atamshika mtoto kwa mkono wake na hatakuandikia vitamini. Ukipata orodha ya dawa ndefu kuliko mazungumzo, uliza kila moja ni ya nini kabla hujalipa. Bibi jirani siku hizi akisikia mtoto anakohoa bado anasema kimeo, lakini anaanza kwa kumfunua kifua.

Namba yao nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana, chini ya 115, na chini yake 199 ya Wizara ya Afya, hiyo nayo ni bure kwa ushauri. Mvua ya juzi imefuta tarakimu mbili za mwisho za ile ya kulipia. Keshokutwa napaka geti la mtu rangi ya mafuta, nitabakiza kidogo niiandike upya.